Kidaka cha Juu na Kidaka cha Chini

Mkwezi aliyekuwa akituangulia nazi katika shamba la mjomba, kule Mkuranga, alikuwa na desturi moja. Akishafika kileleni na kujikita vizuri kwenye makuti, aliita mara moja tu: "Haya, tokeni chini!" Sisi watoto tulikimbilia kwenye kivuli cha mwembe, mbali na shina, tukakaa kusikiliza. Nazi ikiangukia mchanga ilitoa mlio mzito uliozimika papo hapo. Ikigonga mzizi wa mwembe uliojitokeza juu ya ardhi, mlio ulikuwa mkavu, na mara nyingine tuliyaona maji yakiruka.

Kati ya nazi na nazi alikuwa akisafisha vidaka, vile vichanga vilivyokauka kabla ya kukomaa. Vingine alivibwaga chini kwa nguvu. Vingine alivirusha pembeni vikaenda kuangukia kwenye mihogo. Siku akiwa na furaha alirusha kimoja juu kabisa, kikapotea kwenye mwanga wa jua, kisha kikarudi kwa kishindo. Binamu yangu ndiye aliyeanzisha ubishi: kidaka kipi hugonga ardhi kwa kasi kubwa zaidi? Yeye alishikilia kile cha kutupwa chini, kwa kuwa kimesukumwa kuelekea huko huko kinakokwenda. Mimi nilishikilia cha juu, kwa kuwa kimeanguka kutoka mbali zaidi. Mkwezi alipoteremka tukampa shikamoo, tukamuuliza. "Marahaba. Ogopeni vyote, wajukuu zangu," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Nilibaki na swali hilo mpaka nilipofika kidato cha tatu, na jibu lake ni kati ya mambo yaliyonifanya niipende fizikia. Nataka kulieleza polepole, maana watu wengi hulipita haraka, wakakariri fomula bila kuuona uzuri wake.

Tuupe mnazi urefu wa mita 20, na mkono wa mkwezi tuupe uwezo wa kurusha kidaka kwa mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Mvutano wa dunia humwongezea mwangukaji kasi ya takribani mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Tuifanye 10 ili tuweze kuhesabu kwa kichwa. Hewa nayo tuiweke kando kwa sasa. Tutairudia, kwa sababu ina kesi yake ya kujibu.

Kidaka kikiachiwa tu, bila kusukumwa, kitatumia sekunde 2 kufika chini, na kitagonga kwa mita 20 kwa sekunde. Je, kikitupwa chini kwa ile kasi ya 15? Karibu kila niliyemuuliza hujumlisha palepale: 15 za mkono, 20 za dunia, jumla 35. Hesabu hiyo inavutia, lakini si sahihi. Kidaka hicho hugonga kwa mita 25 kwa sekunde. Zile 10 nyingine zimekwenda wapi?

Hazikuwahi kutolewa. Dunia huongeza kasi kwa sekunde, na kidaka kilichotupwa chini kina haraka. Kinaondoka mkononi kwa 15 na kufika kwa 25, wastani wake ni 20, kwa hiyo mita 20 kinazimaliza kwa sekunde moja tu. Dunia imepata sekunde moja ya kukivuta, imekiongezea 10, basi. Kile kilichoachiwa polepole kiliipa dunia sekunde mbili, kikavuna 20. Anayeanguka kwa haraka hujinyima muda wa kuongezewa. Ninamshauri msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu kosa la kujumlisha 15 na 20 ndilo linalowaficha wengi jambo lote linalofuata.

Sasa kirushwe juu, wima, kwa kasi ile ile ya 15. Dunia inakipunguzia 10 kila sekunde. Baada ya sekunde moja na nusu kimekwisha nguvu, kimesimama mita 11.25 juu ya kilele cha mnazi. Kisha kinaanza kurudi, na dunia sasa inakirudishia 10 kila sekunde, kwa kiwango kile kile ilichokuwa ikikinyang'anya. Ilichukua sekunde moja na nusu kukivua kasi yote, na itachukua sekunde moja na nusu kuirudisha. Kwa hiyo kinapopita tena mbele ya uso wa mkwezi, kinapita kwa mita 15 kwa sekunde, kikielekea chini.

Tazama tulipofika. Mbele ya mkwezi pana kidaka kinachoshuka kwa kasi ya 15. Hakuna alama yoyote juu yake inayoonyesha kama kimetoka mkononi sasa hivi au kimezunguka angani sekunde tatu nzima. Kuanzia hapo safari yake ni ile ile ya ndugu yake aliyetupwa chini: sekunde moja zaidi, na ardhi inagongwa kwa 25. Binamu yangu alikosea, na mimi nilikosea. Mita 11 nilizojivunia, zile ambazo kidaka kiliongeza kwa kupanda, ziligharimiwa na mkono uleule uliokirusha.

Kilichobaki ni kile cha pembeni, na hapa nawaita mafundi wa ujenzi. Fundi anayechora msingi hupata kona ya nyumba kwa kamba na namba tatu: futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na akikuta mshazari umefika futi 5 kamili anajua skwea imekaa. Kidaka kilichorushwa mlalo kina kasi mbili zisizoingiliana. Ile ya kwenda mbele inabaki 15, maana dunia haivuti kuelekea pembeni. Ile ya kushuka inaanza sifuri, na kwa sekunde 2 inafika 20. Kasi yake halisi ni mshazari wa hizo mbili: 15 ni tatu mara tano, 20 ni nne mara tano, basi mshazari ni tano mara tano, 25. Kimeanguka mita 30 kutoka kwenye shina, katikati ya mihogo, kwa kasi ile ile ya wenzake wawili.

Ukikirusha kwa mshazari wowote, juu kidogo au chini kidogo, jibu halibadiliki. Kipeo cha pili cha kasi ya kugongea ni kipeo cha pili cha kasi ya kurushia, jumlisha mara mbili ya mvutano ukizidishwa kwa kimo. Kwa namba zetu ni 225 jumlisha 400, ambayo ni 625, na kipeuo chake ni 25. Nilipoiona fomula hiyo mara ya kwanza ubaoni niliitafuta pembe ndani yake, nikaikosa. Haimo. Dunia huuliza umeanguka kutoka kimo gani, na haiulizi ulipitia wapi.

Galileo Galilei alilifikisha jambo hili mbali kwa vifaa ambavyo kila nyumba inavyo. Katika kitabu chake cha mwisho kikubwa, kilichochapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638 wakati yeye akitumikia kifungo cha nyumbani huko Arcetri karibu na Florence, anaeleza jaribio la kigololi cha madini ya risasi kilichoning'inizwa kwa uzi ukutani. Mimi nimelifanya kwa kufuli. Piga msumari ukutani, funga uzi wa mita moja, ning'iniza kufuli. Chora mstari wa chaki uliolala sawa, kiasi cha nusu ya uzi kutoka juu. Vuta kufuli pembeni mpaka ligusane na mstari, kisha liachie. Litashuka, litapita katikati, litapanda upande wa pili, na litafika karibu kabisa na mstari uleule. Hapo hakuna la kushangaza.

Sasa piga msumari wa pili chini ya ule wa kwanza, pale mstari wa chaki unapokatana na uzi uliotulia wima, au hata juu kidogo ya hapo. Vuta kufuli mpaka mstarini, uliachie tena. Safari hii uzi unanaswa na msumari wa pili, na kufuli linalazimika kukunja kona kali na kupanda kwa duara dogo zaidi. Njia yake imebadilika kabisa. Hata hivyo linapanda, linapunguza mwendo, na linasimama kwenye mstari wa chaki. Linapungukiwa na upana wa kidole, labda, na upungufu huo ni wa hewa na uzi. Mara ya kwanza niliufuta mstari nikauchora upya nikidhani mkono wangu ulitetereka. Kilichoamua ni kimo. Kasi iliyotosha kulirudisha kufuli kwenye mstari kwa duara kubwa ndiyo iliyotosha kulirudisha kwa duara dogo.

Lakini kwa nini vipeo vya pili? Kwa nini zinazojumlishwa ni 225 na 400, wala si 15 na 20? Jibu lilipatikana kwenye udongo laini, tena katika mji uleule wa Leiden. Katika miaka ya 1720 profesa Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba yenye ukubwa sawa na uzito tofauti juu ya udongo wa mfinyanzi, akapima mashimo. Aliona kuwa mashimo hulingana pale uzito ukizidishwa kwa kimo unapolingana: mpira mzito wa karibu na mpira mwepesi wa mbali huacha jeraha moja. Na kwa kuwa kasi ya kuanguka haikui sambamba na kimo, bali kimo lazima kiwe mara nne ndipo kasi iwe mara mbili, maana yake ni kwamba kinachochimba udongo hufuata kipeo cha pili cha kasi. Mwanamke wa Kifaransa, Émilie du Châtelet, alisimama upande huo katika kitabu chake cha mwaka 1740, wakati wakubwa wengi wa sayansi bado walipima nguvu ya kitu kinachokwenda kwa kuzidisha uzito na kasi tu. Leo hicho kinachochimba udongo tunakiita nishati, nayo haina upande. Ni kama fedha: mkono uliweka 225, dunia kwa mita zake 20 iliweka 400, na ardhi ilikuta 625 kwenye akaunti, iwe kidaka kilikuja kwa mchepuko au moja kwa moja.

Mwelekeo haujawa bure, kwa vyovyote. Unabadilisha muda: sekunde 1 kwa kidaka cha chini, 2 kwa cha pembeni, 4 kwa cha juu, na kwa aliye chini tofauti hiyo ni ya kukimbia au kutokimbia. Unabadilisha mahali. Na unabadilisha namna ya kugonga, kwa sababu cha pembeni kinaingia kwa mshazari, kinateleza na kuruka, ilhali vingine vinazama wima.

Ila kuna jambo linaloniuma ninapopita chini ya majengo ya ghorofa yanayopanda mjini. Fundi juu ya jukwaa ana kipande cha tofali mkononi. Hataki kukitupa kwa nguvu, ni mtu mwema, kwa hiyo anakirusha taratibu, juu kidogo, kidondoke chenyewe. Tuseme amekirusha kwa mita 3 kwa sekunde. Kipeo cha pili cha 3 ni 9. Kutoka mita 20, ardhi inakuta 409 badala ya 400, yaani kasi ya 20.2 badala ya 20. Ule upole haukufika chini. Na hata kama angekitupa kwa hasira kwa kasi hiyo hiyo ya 3, hasira nayo isingefika. Kipande hicho kinashuka kwa kilomita zaidi ya 70 kwa saa kwa vyovyote vile, na kinachomlinda aliye chini ni helmeti, wavu, na kamba ya kuzuia watu wasipite.

Sasa hewa. Tuliiweka kando, na yenyewe ndiyo inayoharibu usawa huu wote, kwa sababu hewa hutoza ushuru kwa kila mita ya njia, na hutoza zaidi mwendo ukiwa mkali. Haijali kimo. Kidaka cha chini kinasafiri mita 20. Cha juu kinasafiri, kwa hesabu yetu ya awali, mita 42 na nusu, na njia yote kinalipa. Kinaporudi mbele ya mkwezi hakina tena ile 15 yake. Kimeshalipia kupanda na kushuka. Kwa hiyo penye hewa binamu yangu ndiye mwenye haki: cha kutupwa chini hugonga kwa kasi zaidi.

Kwa kiasi gani? Kitu kinachoanguka hewani hufika mahali ambapo ushuru wa hewa unalingana na mvutano, na kasi haiongezeki tena. Kwa nazi yenye makumbi yake nakadiria kikomo hicho kuwa karibu mita 30 kwa sekunde. Nikiirudia hesabu kwa kikomo hicho, kilichoachiwa tu hugonga kwa kama 18 badala ya 20. Kilichotupwa chini kwa 15 hugonga kwa 21.6. Kilichorushwa juu kwa 15 hugonga kwa 20.9. Tofauti kati ya juu na chini haifiki hata mita moja kwa sekunde. Binamu alishinda, lakini kwa unywele, na hakuna sikio chini ya mwembe ambalo lingeisikia tofauti hiyo.

Kadiri kitu kilivyo chepesi au kimo kilivyo kikubwa, ushuru unakula zaidi, mpaka kumbukumbu ya mwanzo inafutika. Tone la mvua likidondoka kutoka wingu lililo mita 2,000 juu lingetakiwa kufika kwa mita 200 kwa sekunde kama hewa isingekuwepo. Bati la nyumba lingetoboka kama chujio. Tone kubwa hufika kwa karibu mita 9 tu kwa sekunde, na upepo wa winguni ulilitupia upande gani mwanzoni haijalishi hata kidogo.

Pana mahali, hata hivyo, ambapo mwelekeo na hewa vikikutana jambo huwa la uhai na kifo. Magazeti yetu yana maneno yaliyozoeleka mno: polisi walifyatua risasi hewani kuwatawanya watu. Na katika nchi kadhaa harusi na ushindi wa mpira husherehekewa kwa kufyatua juu. Tunayasoma maneno hayo kana kwamba hewani ni mahali ambapo risasi hubaki.

Risasi ya bunduki ya kijeshi hutoka mtutuni kwa takribani mita 800 kwa sekunde. Bila hewa, kwa yote tuliyoyaona, ingerudi kwa mita 800 vilevile, na hakuna mtu angethubutu kusherehekea. Ofisa wa jeshi la Marekani, Julian Hatcher, alisimamia majaribio huko Florida karibu na mwaka 1920: bunduki ilielekezwa juu wima kutoka kwenye jukwaa lililosimama majini, na risasi zikasubiriwa zirudi. Zilirudi kwa kasi ya futi 300 hivi kwa sekunde, yaani karibu mita 90. Hewa ilikuwa imekula takriban asilimia 99 ya nishati iliyotoka mtutuni. Risasi iliyokwenda wima husimama kileleni, kisha hushuka kwa kitako, ikisukuma hewa vibaya, ndiyo maana haipati tena mwendo wake. Lakini mita 90 kwa sekunde ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Inatosha kupasua fuvu la mtu.

Na hiyo ni risasi iliyoelekezwa wima kwa vyombo vya kupimia. Mkono wa mtu mwenye furaha au hofu hauelekezi wima. Ukiinamisha mtutu, risasi haisimami kabisa angani; inapinda ikiwa bado inakwenda mbele, ncha ikiwa imetangulia kwa sababu ya ule mzunguko iliopewa na mtutu, na ncha iliyotangulia hulipa ushuru mdogo kuliko kitako. Inatua kilomita kadhaa mbele ikiwa na kasi zaidi ya ile iliyorudi wima. Kinyume na vidaka vya Mkuranga, hapa mwelekeo una neno, na anayefyatua "hewani tu" kwa mshazari amechagua ulio mbaya zaidi, juu ya paa la mtu asiyemjua.

Nikirudi shambani, naona kuwa mkwezi yule hakuwa akishughulika na kasi kamwe. Vidaka alivirusha kokote. Nazi zilizokomaa hakuzirusha kokote. Kila moja aliizungusha mpaka ikatoka kwenye kikonyo, akaangalia chini, kisha akaisukuma kidogo upande wa bondeni, kwenye mchanga, mbali na mizizi ya mwembe. Iliyopasuka haikununuliwa. Jioni mjomba alizihesabu nazi mchangani mbili mbili, na zile mbili tatu zilizogonga mzizi zikaenda jikoni kwa shangazi, zikakunwa siku hiyo hiyo.